Kofia Zilizofungwa na Mwanamke

Usiku wa jana niliota nimesimama kwenye foleni ya wanaume mbele ya mlango wa bluu, na kila mmoja ameshika kichwa chake kwa mikono miwili kama mtu anayetoka sokoni na tikiti maji. Hakuna aliyesukuma. Nilipouliza foleni ni ya nini, aliyekuwa mbele yangu akanijibu bila kugeuka, "Ya kujitetea."

Sikushangaa. Nilikuwa na utetezi wangu tayari.

Kabla sijaingia ndani, wacha niseme kilichonifikisha pale. Jumamosi nilifungwa chesi na Namkunda. Namkunda ni mdogo wangu, yuko kidato cha tatu, na mpaka leo analala na soksi. Chesi nilimfundisha mimi, miaka miwili iliyopita, kwa vizibo vya soda, na farasi alikuwa kizibo nilichokipinda kwa meno yangu mwenyewe. Kwenye mashindano ya klabu yetu ya mtaani wavulana na wasichana walichanganywa, kwa kuwa meza zilikuwa sita tu. Akanifunga kwa hatua thelathini na moja, tena anakula karanga.

Sasa, kwenye chesi mkimaliza mnapeana mkono, kisha kila mmoja anasaini karatasi ya mwenzake, ile yenye hatua zote za mchezo. Bila saini mbili, mchezo huo haujachezwa. Mimi nilisimama, nikasema nina homa, nikatoka nje. Mkono sikutoa. Saini sikuweka.

Mwalimu Sekiete, katibu wa klabu, akasema karatasi yenye saini mbili imfikie Jumatatu saa mbili asubuhi. Isipofika, ushindi huo unafutwa, na nafasi moja ya msichana wa wilaya yetu kwenda Dodoma kwenye mashindano ya taifa ya wanawake inachukuliwa na yule anayemfuata Namkunda kwa nusu pointi. Jumapili nzima mdogo wangu aliniwekea karatasi na kalamu kila nilipokaa. Jumapili nzima nilikuwa na homa.

Mnajua kilichoniuma? Kufungwa mtu anazoea. Iliniuma picha. Walimpiga picha na ubao wake, na kwa bahati mbaya kiwiko changu kimo. Mama Mchome, jirani yetu, aliitazama ile picha kwa makini sana, halafu akauliza, "Hiki kiwiko ni cha nani?"

Basi, niko kwenye foleni.

Mlangoni ameketi saa ya chesi, ile wachezaji wanayoibonyeza kwa zamu, mkubwa kama kabati la nguo, ana nyuso mbili. Uso mmoja ukimaliza kusema, unajibonyeza utosini, na hapo ndipo mwenzake anaruhusiwa kufungua mdomo.

"Jina," ukasema uso wa kushoto, ukajibonyeza.

"Togolai."

"Mimi sikuuliza jina," ukasema uso wa kulia. "Mimi nauliza nani alikufunga." Ukajibonyeza.

"Sikufungwa. Nilikuwa na homa."

"Homa," ukarudia wa kushoto, bila kuonyesha huruma. "Mpeni."

Na nikapewa. Iliwekwa mgongoni kwangu kama gunia la chumvi iliyolowa, nikaanza kutetemeka. Humo, sababu unayoitaja ndiyo unayobeba. Aliyenitangulia alisema taa ilimpiga machoni, wakamkabidhi taa, anatembea nayo ikiwa inawaka. Aliyenifuata alisema watu walipiga kelele, wakampa watu wanne wa kumfuata wakipiga kelele. Hakuna aliyelalamika. Kila mtu aliondoka ameridhika na mzigo wake.

Ndani ni ukumbi mrefu wenye misumari ukutani, na kila msumari una kofia. Kofia za zamani, nyeusi na kahawia, zile za wazungu wa suti. Vichwa hakuna. Juu ukutani kumeandikwa kwa herufi kubwa: CHAMA CHA WALIOFUNGWA NA MWANAMKE. KIMEANZISHWA 1929.

"Karibu, kijana," ikasema kofia moja ya kahawia yenye utepe uliofungwa fundo upande wa kushoto. "Mimi ndiye katibu. Keti."

"Viti hakuna, mzee."

"Sisi hatukai. Tunatundikwa."

Nikauliza hiki chama kilianzaje. Kofia ikakohoa vumbi.

"Ilikuwa mashindano makubwa, Ulaya, kwenye mji wa chemchemi za maji moto. Wanaume watupu, na mwanamke mmoja. Mwanamke huyo alikuwa bingwa wa dunia wa wanawake, wa kwanza kabisa, taji alilichukua mwaka 1927. Mwanamume mmoja akafanya mzaha mezani. Akasema, tuanzishe chama, atakayefungwa na huyu mama aingie. Tukacheka sana."

"Halafu?"

"Halafu mwenye mzaha akawa mwanachama wa kwanza."

Kofia zote zikatazama chini. Ilibidi zining'inie vibaya ili ziweze.

"Na huyo bingwa," nikauliza, "nani alikuja kumnyang'anya taji?"

"Hakuna. Alilitetea kila lilipowekwa mezani. Bomu la vita lilimuua mwaka 1944, akiwa bado bingwa."

Hapo kofia zote zikajivua. Hazikuwa na vichwa, lakini zilijivua, zikakaa hewani kwa muda, kisha zikarudi kwenye misumari. Na mimi nikasimama wima na homa yangu. Nisiwafiche, hata hapo nilisikia kijicho. Nikawaza, mimi hata nikifa leo, kitakachosimuliwa ni kiwiko.

"Lakini," kofia ya katibu ikaendelea, kwa sauti ya mtu anayerudi kwenye ajenda, "kumbukumbu zetu ziko wazi. Tangu chama kianze, hajawahi kufungwa mwanamume mzima wa afya. Huyu alikuwa na jino. Yule mafua. Wa tatu alikula samaki."

"Samaki mbaya?"

"Samaki mzuri. Alikuwa anamfikiria."

Mlango ukagongwa mara tatu. Kofia zikabadilika rangi.

"Ni wale mabinti watatu wa Hungary?" ikanong'ona kofia moja ya pembeni. "Wale ndugu waliofundishwa chesi na baba yao nyumbani?"

"Funga dirisha," ikajibu nyingine. "Yule mdogo wao aliingia kwenye kumi bora wa dunia, wanawake na wanaume pamoja. Misumari haikutosha mwaka ule. Tulitundikwa wawili wawili."

Lakini hakuwa mtu, ni upepo tu. Kofia ya katibu ikashuka, ikanivaa kichwani bila kuniuliza. Ilinibana. "Hivyo ndivyo anavyopokelewa mgeni," ikasema huko juu. "Ukishajaza fomu, utapewa msumari wako. Twende ukamsalimie mfalme."

Nikapiga hatua moja, na ukumbi haupo tena. Niko kwenye uwanja wa vyumba vyeupe na vyeusi, kila chumba kikubwa kama sebule yetu, na mfalme wa mbao amekaa pembeni kabisa na blanketi magotini.

"Shikamoo mfalme."

"Marahaba. Usiguse kitu. Hapa ukigusa, umecheza."

Nilikuwa nimeshagusa kiti chake. Ikanibidi nikihamishe, na yeye akiwa juu yake, chumba kimoja kwenda kulia. Hakuna mtu aliyesema pole.

Mara akapita malkia. Alitoka kona ile akaenda kona hii kwa mstari wa mshazari, kasi ya basi la Arusha, na upepo wa gauni lake ukanisukuma. Akasimama, akapangusa mikono.

"Unamwona?" akasema mfalme. "Huyo zamani alikuwa mwanamume. Waziri wangu. Alikuwa anatembea chumba kimoja tu, mshazari, pole pole, na heshima. Miaka mia tano na ushee iliyopita watu wa Ulaya wakamfanya malkia, wakampa uwanja mzima. Watu wakasema huo mchezo umeingiwa na wazimu."

"Na wewe wakakupa nini?"

"Hatua moja. Ile ile."

"Inakuuma?"

"Ukiniuliza, nitakuambia nina baridi." Akavuta blanketi. "Kaa hapa, kijana. Homa yako na baridi yangu vinaelewana. Tutakuwa tunawaonea wivu kwa zamu. Wewe shika asubuhi."

Nikaona ni kazi inayonifaa. Nikaanza zamu.

Malkia akanitazama kuanzia kofia mpaka viatu. "Huyu ndiye?"

"Ndiye," akajibu mfalme.

"Sogea kidogo basi, unaziba."

Nikageuka kuangalia naziba nini. Nyuma yangu, mwisho wa uwanja, pamekuwa na mlima. Nchi ya Georgia, nikajua mara moja, ingawa sijawahi kufika hata Korogwe. Mlimani kuna ngazi, na kwenye ngazi wanapanda mabibi harusi, kila mmoja na ubao wa chesi kichwani badala ya sanduku la nguo.

"Kwao husemwa kwamba ubao ulikuwa mojawapo ya vitu anavyokwenda navyo bibi harusi kwa mumewe," kofia ikanieleza. "Sasa angalia walivyozaa. Kuanzia 1962 mpaka 1991 taji la dunia la wanawake halikutoka kwenye nchi hiyo. Mpaka alipotokea binti wa China."

"Na waume zao walikuwa wanafanya nini miaka yote hiyo?"

"Wengine wako kwetu. Msumari wa mia na kumi kwenda mbele."

Chini kabisa ya ngazi, kwenye mstari wa vyumba vya mwisho, ndipo niliposimama mimi. Na chumba cha mbele yangu amesimama Namkunda, amevaa sketi ya shule na soksi zake za kulalia, na kichwani ana kidude cha duara kama walichonacho askari wa chesi. Ametembea chumba kwa chumba kutoka mbali. Vumbi limemfika magotini. Amebakiza chumba kimoja. Askari akifika mstari wa mwisho anageuka malkia, sheria inasema hivyo, na chumba alichobakiza nimekisimamia mimi.

"Shikamoo kaka."

"Marahaba."

"Sogea."

"Nina homa."

"Naiona. Sogea nayo."

Mfalme akatikisa kichwa kwa furaha. "Usisogee. Umekaa mahali pazuri mno. Na mimi nilimkalia waziri hivyo hivyo miaka mia nane."

"Askari hali kilicho mbele yake," nikamkumbusha Namkunda, kwa sauti ya mwalimu. "Anakula mshazari tu. Kwa hiyo huwezi kuniondoa."

"Najua. Wewe ndiye uliyenifundisha. Ndiyo maana naomba."

Angenitukana ningekuwa na la kusema. Matusi nina akiba. Lakini alisimama tu, anasubiri, kama alivyokuwa anasubiri zamani nikimpangia vizibo.

"Ukipita hapa utakuwa malkia," nikasema. "Utaenda kona hii na kona ile. Mimi je?"

"Wewe utakuwa kaka."

"Kaka yake Namkunda."

"Kwani kabla ya hapo ulikuwa kaka ya nani?"

Kofia ikanibana zaidi. Homa ikaongezeka gunia la pili. Namkunda akanyoosha mkono, na mkononi ana ile karatasi. Nikapeleka mkono kuisukuma.

"Umegusa," ukasema uso wa kushoto wa saa, ambao sijui ulifikaje, ukajibonyeza.

"Cheza," ukasema wa kulia.

Karatasi ikajikunjua, ikakohoa, ikaanza kujisoma yenyewe kwa sauti ya mtangazaji wa vifo redioni. "Hatua ya kwanza, askari wa mfalme, vyumba viwili. Hatua ya kumi na nane, kaka mtu aliona mdogo wake ameacha farasi bila ulinzi, akacheka. Hatua ya kumi na tisa, kaka mtu alimla farasi. Hatua ya ishirini, kaka mtu aliacha kucheka."

"Inatosha," nikasema.

"Hatua ya ishirini na moja, kaka mtu aliuliza kama kuna maji ya kunywa."

"Nimesema inatosha."

"Zimebaki kumi," ikasema karatasi. "Nzuri zote. Mimi sijawahi kuandikwa mchezo mzuri kama huu, nakuambia ukweli. Lakini nina saini moja. Karatasi ya saini moja ni ya kufungia karanga."

Nikaisikiliza mpaka mwisho. Hatua ya ishirini na sita, ile aliyompeleka malkia wake katikati ya watu wangu kama anakwenda kuazima chumvi, sikuwa nimeielewa Jumamosi. Niliielewa pale. Ilikuwa nzuri kiasi kwamba roho iliniuma mahali ambapo sikujua kama nina roho. Iliniuma kwa sababu haikuwa yangu. Halafu nikaona kwamba kofia zimejaa pande zote, zinaelea, na katibu, kutoka juu ya kichwa changu, ananisukumia fomu.

"Jaza, kijana, tuendelee na kikao. Jina. Umri. Sababu ya kufungwa. Andika homa, ndiyo iliyoko mgongoni, usitusumbue."

Kalamu ikaja yenyewe. Nikaandika jina. Nikaandika umri. Nilipofika kwenye sababu, mkono ukasimama.

Mfalme akajikohoza. "Hata baridi tunapokea."

Nikamtazama Namkunda. Alikuwa anaangalia ngazi nyuma yangu, si mimi. Wivu wangu ulikuwa mkubwa, naye hata hakuwa na muda nao.

Nikaandika neno moja: Alinizidi.

Kofia ya katibu ikainama mbele ya uso wangu ili isome. "Alinizidi," ikasoma polepole. "Huo ni ugonjwa gani?"

"Si ugonjwa."

"Ni chakula?"

"Hapana, mzee. Alicheza vizuri kuliko mimi."

Kofia moja ya nyuma ikaanguka yenyewe, ikaokotwa na wenzake.

"Kijana," katibu akasema, na sasa sauti yake haina ukarimu hata kidogo, "chama hiki ni cha watu waliofungwa kwa bahati mbaya. Wewe umefungwa kweli. Hatuna msumari wa mtu kama wewe. Hatukuwahi kuuhitaji."

"Nisaini wapi kwenye ile karatasi?"

"Usituulize sisi. Sisi hatujawahi kusaini."

Nikaichukua karatasi kwa Namkunda, nikasaini. Gunia likadondoka mgongoni. Nikapiga hatua moja pembeni, kama mfalme, na Namkunda akapita na soksi zake bila hata kunisukuma. Alipokanyaga kile chumba, sikuona kilichotokea, kwa kuwa kofia ilikuwa inajing'oa kichwani kwangu lakini haitoki. Kofia kumi zikaikamata, zikavuta. Ikavuta masikio. Ikavuta nyusi. Mfalme akahesabu moja, mbili, akaishia hapo.

Nikaamka.

Ilikuwa saa moja kasoro, Jumatatu. Namkunda yuko uani amevaa sare, anakunywa uji kwa kusimama. Karatasi iko juu ya ndoo ya maji, imebanwa na kalamu. Nikaiangalia haraka sehemu ya saini yangu: tupu. Kazi yote niliyoifanya usiku haikuhesabiwa. Ningeweza kurudi kulala, nisiwadanganye, na kwa dakika nzima nilisimama pale nikilifikiria hilo.

"Shikamoo kaka," akasema, bila kuniangalia. Ameshakata tamaa; aliongea kama anasalimia mlango.

"Marahaba. Hatua ya ishirini na sita uliiona lini?"

Akageuka. "Ya kumi na nane. Ulipocheka."

Nikasaini. Nikampa mkono pia, ule wa Jumamosi. Aliutazama kwanza, kisha akafuta uji kwenye mkono wake, akaupokea.

"Na homa?" akauliza.

"Imeshuka."

Akaikunja karatasi, akaitia kwenye daftari, akaenda mpaka kwenye geti. Pale akasimama, akanikazia macho juu ya nyusi.

"Kaka, umelalia nini?"

Nikaingia ndani kwenye kioo cha mama. Kuzunguka kichwa chote, juu kidogo ya masikio, kuna alama nyekundu ya duara iliyozama kwenye ngozi, na upande wa kushoto alama hiyo ina umbo dogo la fundo la utepe. Nikamwita mama, nikamuuliza kama nyumbani kwetu kuna mtu mwenye kofia.

"Kofia ya nini?" akasema mama. "Toka hapo, nataka kujiangalia."